Shaba kwenye Minecraft: mwongozo kwa anayeanza

Kila jioni, jua likianza kujificha nyuma ya milima ya Rwenzori, chumba changu hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, hujaa vijana wanaocheza Minecraft, mchezo wa simu na kompyuta wa kuchimba na kujenga kwa bloku. Wengine wana simu zao, wengine wanasubiri zamu kwenye kompyuta mbili nilizo nazo. Maswali ni yale yale. "Mjomba, shaba iko wapi?" "Mjomba, nimevunja jiwe sikupata kitu." "Mjomba, paa langu limekuwa kijani, nani kaliharibu?" Nimeyajibu kwa mdomo muda mrefu. Sasa nayaandika, ili anayeanza leo asome hapa kisha aende kuchimba.

Nakuomba kwanza uache kukimbilia almasi. Nimewaona wengi siku ya kwanza wanashuka hadi chini kabisa ya dunia na sururu moja na mkate mmoja, wanaangukia lava, vitu vyote vinaungua, wanazima simu kwa hasira na kesho hawarudi. Shaba haikupeleki huko. Ni nyingi, iko karibu na juu, haihitaji kifaa cha gharama, na ukiipata ya kutosha unajenga nyumba ambayo wenzako watasimama kuitazama. Wiki yako ya kwanza iwe ya shaba na chuma.

Kwetu hapa shaba si neno la mchezoni tu. Bondeni Kilembe, kilomita chache kutoka mjini, watu walichimba shaba ya kweli tangu miaka ya 1950. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba hiyo ikawa inasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Wewe una bahati: mchezoni tanuri unaliweka palepale unapochimbia.

Kabla hatujaanza, angalia toleo la mchezo wako. Mawe ya shaba yaliingia kwenye toleo la 1.17 mwaka 2021, na kina yanapopatikana kilibadilishwa kwenye 1.18 mwishoni mwa mwaka huohuo. Namba zote ninazotoa hapa ni za 1.18 na kuendelea, kwenye simu na kwenye kompyuta. Ukiwa na toleo la zamani, lisasishe kwanza, la sivyo utachimba mahali pasipo na kitu.

Vitu vya kuandaa

- Sururu 2 za mawe. Moja huvunja bloku 131 kisha inakatika, na daima hukatika ukiwa mbali na nyumbani.
- Mienge 32 au zaidi.
- Chakula cha kutosha. Nyama iliyopikwa ni bora kuliko matunda.
- Magogo machache ya ziada, ya kutengenezea meza na vijiti ukiwa chini.
- Ndoo ya maji, kama umeshapata chuma. Inahitaji mikuo 3 ya chuma na itakuokoa na lava.
- Nafasi kwenye begi. Acha nyumbani mbegu, maua na vikorokoro vyote.

Neno moja nililieleze mapema. Ninaposema *mkuo* nina maana ya kile kipande kirefu cha madini kinachotoka tanurini. Kile kibonge unachookota ukivunja jiwe ni *shaba ghafi*, na hakiwezi kutengeneza paa wala kifaa kabla hakijayeyushwa.

Hatua kwa hatua

1. Washa namba za mahali ulipo. Kwenye simu, fungua mipangilio ya dunia yako, tafuta swichi ya kuonyesha kodineti, iwashe. Namba tatu zitatokea pembeni juu. Kwenye kompyuta bonyeza F3. Namba ya katikati ndiyo tunayoihitaji: inaitwa Y, na inakuambia uko juu au chini kiasi gani. Bila hiyo unachimba kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

2. Tengeneza sururu ya mawe. Kwenye meza ya kuundia weka mawe 3 mstari wa juu na vijiti 2 katikati kuelekea chini. Hapa ndipo lile swali la "sikupata kitu" linapoanzia. Sururu ya mbao inalivunja jiwe la shaba, tena baada ya kukuchosha, lakini haidondoshi chochote. Sururu ya dhahabu nayo ni hivyohivyo, ingawa inang'aa. Mawe, shaba, chuma, almasi au netheriti ndizo zinazofaa.

3. Nenda kwenye Y 48. Mawe ya shaba yanapatikana kati ya Y −16 na Y 112, lakini yanajaa zaidi karibu na 48. Maji ya bahari yako karibu na Y 62. Kwa hiyo ukisimama ufukweni unahitaji kushuka kama bloku 15 tu. Ukiwa mlimani, huenda uko juu ya 100 na shaba iko nyingi chini ya miguu yako njia nzima ya kushuka. Namba hii moja ikikukaa kichwani, nusu ya kazi imekwisha.

4. Shuka kwa ngazi. Chimba bloku moja mbele na moja chini, ukiacha nafasi ya kichwa, kama ngazi za nyumba. Usichimbe kamwe bloku uliyosimama juu yake. Chini yake panaweza kuwa na pango lenye kina cha bloku 20, au lava, na hutajua mpaka umeshaanguka. Weka mwenge kila hatua 6 au 7. Iweke mienge yote ukutani upande wa kulia unaposhuka. Wakati wa kurudi itakuwa kushoto kwako, na hutapotea hata mapango yakichanganyika.

5. Lijue jiwe lenyewe. Sogea karibu nalo. Jiwe la kijivu, juu yake madoa ya rangi ya chungwa, na katikati ya hayo madoa mengine ya kijani kinachokaribia samawati. Hiyo kijani ndiyo alama. Chuma kina madoa ya rangi ya ngozi, hayana kijani hata kidogo. Ukiona jiwe jeusi lenye madoa hayohayo ya chungwa na kijani, hiyo pia ni shaba, ila umeshafika karibu na Y 0 au chini yake, ambako jiwe ni gumu na kazi inachukua muda mrefu. Panda.

6. Anza na pango, kisha chimba matawi. Kama ngazi yako imetokea kwenye pango karibu na Y 48, tembea ndani yake kwanza. Mara nyingi shaba iko wazi ukutani, huhitaji hata kuitafuta. Pango likiisha, chimba njia ndefu iliyonyooka, upana bloku 1 na kimo bloku 2. Kutoka kwenye njia hiyo toa matawi kulia na kushoto, ukiacha bloku 3 kati ya tawi na tawi. Hiyo bloku moja ya katikati usiyoiona isikusumbue. Shaba hukaa kwa makundi, na kundi likiwepo lazima litachungulia upande mmoja.

7. Vunja na uokote. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kidole. Utaona nyufa zinaanza katikati ya jiwe na kutawanyika kuelekea pembeni. Ukiinua kidole kabla nyufa hazijafika mwisho, jiwe linajirudi zima na unaanza upya. Wadogo wanapenda kugusagusa haraka haraka, halafu wanasema simu ni mbovu. Kila jiwe hutoa shaba ghafi 2 hadi 5. Pita juu yake ili iingie kwenye begi. Baada ya jiwe la mwisho unaloliona, vunja pia mawe ya kawaida yaliyo jirani. Kundi mara nyingi linaendelea nyuma, na kwenye kona.

8. Ukikuta mshipa mkubwa, usiondoke. Kati ya Y 0 na Y 50 kuna mishipa mikubwa ya shaba inayokwenda mbali, imezungukwa na graniti, lile jiwe lenye wekundu uliofifia. Graniti peke yake si dalili, maana imetapakaa kila mahali. Lakini ukiona graniti, shaba, graniti, shaba, na haina mwisho, umepata mshipa. Humo unaweza kukuta hata bloku nzima za shaba ghafi, na kila moja ni shaba ghafi 9. Weka sanduku palepale, andika namba zako tatu kwenye karatasi, na uchimbe mpaka ulie kwa furaha. Nina daftari la shule lililojaa namba hizo, na vijana wanalichukua kama hazina.

9. Yeyusha. Tanuri linahitaji mawe 8 yaliyopangwa kuzunguka meza, katikati pabaki wazi. Juu weka shaba ghafi, chini weka kuni. Kipande 1 cha makaa ya mawe huyeyusha vitu 8. Huna makaa ya mawe? Choma magogo tanurini upate mkaa, nguvu yake ni ileile. Kila mkuo unachukua sekunde 10. Tengeneza matanuri mawili au matatu ugawanye mzigo. Baadaye ukiwa na chuma cha kutosha, lile tanuri la madini, linalohitaji mikuo 5 ya chuma, tanuri 1 la kawaida na mawe laini 3, litafanya kazi hiyo kwa sekunde 5.

10. Hifadhi. Mikuo 9 hufanya bloku 1 ya shaba, na unaweza kuirudisha kuwa mikuo 9 wakati wowote. Shaba ghafi 9 nazo hufanya bloku ya shaba ghafi, ambayo ni nzuri kwa kubebea mzigo mkubwa, ila tanuri haliipokei. Lazima uivunje tena kuwa vipande kabla ya kuyeyusha.

Hesabu ya paa, kabla hujaanza kujenga

Hapa ndipo watu wanapoteza shaba nyingi kuliko kwenye lava, kwa hiyo soma polepole.

Tuseme nyumba yako ina paa la 7 kwa 7. Hizo ni bloku 49. Paa zuri hutengenezwa kwa shaba ya kukatwa, ile yenye mistari kama vigae. Ukiitengeneza kwenye meza ya kuundia, bloku 4 za shaba zinakupa 4 za kukatwa. Unakwenda nne nne mpaka 52, yaani umetumia mikuo 468. Ukitumia mashine ya kukatia mawe, bloku 1 ya shaba inakupa 4 za kukatwa. Bloku 13 zinatosha, mikuo 117 tu.

Paa ni lile lile. Tofauti ni mikuo 351.

Mashine hiyo inahitaji mkuo 1 wa chuma, na chini yake mawe 3. Lakini si yale mawe yaliyovunjika unayookota. Yarudishe kwanza tanurini yawe mawe mazima. Nimeona kijana akipanga na kupanga upya kwa nusu saa kwa sababu hiyo tu.

Sasa ile mikuo 117: kila jiwe hutoa kwa wastani shaba ghafi 3 na nusu, kwa hiyo tafuta mawe kama 34. Makaa ya mawe 15. Kwa tanuri moja ni karibu dakika 20, kwa mawili dakika 10. Hiyo ni kazi ya jioni moja kwa anayeanza, na paa linakamilika kabla ya kulala.

Kwa nini shaba inageuka rangi

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi mgodini Kilembe ujanani, ana kipande cha shaba kwenye dirisha lake. Ukubwa wa kiganja. Upande unaogusa ukuta bado una wekundu, na upande wa nje umevaa kijani chenye unga, ukikigusa kinabaki kwenye kidole. Alipowaonyesha vijana, wakasema kwa pamoja, "Kumbe ni kweli!"

Mchezoni inapita ngazi nne: chungwa linalong'aa, kisha hudhurungi kidogo, kisha kijani kinachoanza, mwisho kijani kamili. Inachukua siku nyingi za mchezo. Mvua haiharakishi, na kuiweka ndani ya nyumba hakuizuii. Mimi naipenda kijani na huiacha iende, lakini kama unataka rangi ibaki ilipo, ipake nta. Tafuta mzinga uliojaa, ule unaodondosha asali, na uukate kwa mkasi. Utapata masega 3. Washa moto wa kambi chini ya mzinga kwanza, moshi uwatulize nyuki. Ukisahau moshi, nyuki wote watakushambulia. Kisha shika sega na uguse nalo bloku, moja baada ya nyingine. Sega 1 kwa bloku 1, basi panga ufugaji wa nyuki mapema kama paa ni kubwa.

Umebadili mawazo? Shika shoka na uguse bloku hiyohiyo. Mguso wa kwanza unaondoa nta, na kila mguso unaofuata unairudisha ngazi moja nyuma.

Kitu cha kwanza cha kutengeneza

Fimbo ya radi. Mikuo 3 wima kwenye meza, basi. Uganda tunaijua radi. Mchezoni nayo huchoma nyumba za mbao, na wanaoanza karibu wote wanajenga kwa mbao. Usiiweke moja kwa moja juu ya paa la mbao. Jenga nguzo ya mawe pembeni, iwe ndefu kuliko nyumba, uiweke kileleni. Kwenye simu inavuta radi inayopiga ndani ya bloku 64, kwenye kompyuta 128.

Baada ya hapo, kama toleo lako ni la mwishoni mwa 2025 au baadaye, unaweza kutengeneza vifaa vya shaba vyenyewe. Sururu ya shaba huvunja bloku 190 na ina kasi kuliko ya mawe, ila bado haitoi almasi wala dhahabu. Kwa hizo utahitaji chuma.

Ukikwama

*Nimechimba saa nzima kwenye Y 48, sijaona hata jiwe moja.* Hakikisha unasoma namba ya katikati. Wengi wanasoma ya kwanza, ambayo inakuonyesha umekwenda mashariki au magharibi. Kama namba ni sahihi, acha eneo hilo, tembea bloku mia moja au mbili juu ya ardhi, na ushuke tena.

*Nimeingia pango la kahawia lenye miiba inayoning'inia.* Umepata mahali pazuri. Mapango hayo yana makundi makubwa ya shaba kuliko kwingine. Lakini usiruke: ukiangukia mwiba uliosimama chini unaumia kuliko kuanguka kwa kawaida, na ule wa juu ukikatika unaweza kukuangukia.

*Jiwe limeingia kwenye begi likiwa zima.* Sururu yako ina uchawi wa Silk Touch. Usiliyeyushe hivyo, utapata mkuo 1 tu. Liweke chini, ulivunje kwa sururu ya kawaida.

*Nimekufa na vitu vimebaki chini.* Una kama dakika 5 tangu ukaribie eneo hilo kabla havijatoweka. Usipoteze muda kutafuta silaha nzuri. Chukua mkate, fuata mienge yako, na safari hii ikiwa kulia. Ukikuta zombi pale, ziba njia kwa mawe, okota vitu, kisha ufikirie yeye.

*Simu inakwama nikiingia mapangoni.* Kwenye mipangilio ya video punguza umbali wa kuona hadi kiwango cha chini kinachowezekana. Chini ya ardhi huhitaji kuona mbali. Funga pia programu nyingine zinazoendelea nyuma.

*Umeme umekatika katikati ya kazi.* Mchezo hujihifadhi wenyewe kila baada ya muda, lakini dakika za mwisho zinaweza kupotea. Mimi mwenyewe nilipoteza mzigo wa sanduku zima namna hiyo, jioni ya mvua. Tangu siku ile, ngurumo ya kwanza nikiisikia juu ya milima, au betri ya simu ikiwa nyekundu, natoka kwenye dunia kupitia menyu, nasubiri mpaka ukurasa wa mwanzo urudi, ndipo nazima.

*Paa langu lina viraka, bloku moja ya kijani, jirani yake ya chungwa.* Hujakosea. Kila bloku inabadilika kwa wakati wake. Vumilia zifike zote, au chukua shoka upande juu uzilinganishe, halafu upake nta jioni hiyohiyo.